Albamu Iliyoimbwa Chali

Fundi wa sauti alizipanga albamu zote nne juu ya meza, kama muuza vitambaa anavyopanga mali yake mbele ya mteja asiye na haraka. Msumeno akaziangalia kwa macho ya mtu aliyeonyeshwa picha za harusi ya jirani. Kwenye jalada la kwanza alikuwapo kijana mwenye nywele za kufika mabegani, kinywa wazi, mishipa ya shingo imesimama kama kamba za hema. Msumeno alijua kwamba kijana huyo ni yeye mwenyewe. Alijua vilevile kwamba dunia ni duara. Yote mawili aliyakubali, na hakuna hata moja aliloweza kulihisi.

"Nzuri," alisema, maana fundi alikuwa akimtazama akingoja neno.

"Hujazigeuza hata upande wa pili, mzee."

"Upande wa pili nao ni mzuri."

Fundi akacheka. Alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, na tangu asubuhi hakuficha kwamba metali nzito, muziki ule wa magitaa makali na mwimbaji anayenguruma, si chakula chake. Riziki yake ilikuwa kurekodi kwaya na matangazo ya sabuni. "Lakini sauti ni sauti," alimwambia mlangoni alipompokea. "Daktari wa meno haulizi jino lilikuwa linatafuna nini."

Kazi iliyowakutanisha ilikuwa rahisi kuielezea. Kampuni ya kusambaza muziki ilitaka kuzitoa upya albamu zote za kundi alilokuwa akiliimbia Msumeno, kasha moja, sauti zimesafishwa. Tatu hazikuwa na neno. Ya tatu kwa kuzaliwa, ile iitwayo Sakafu, ndiyo iliyokuwa na neno, na neno lenyewe lilikuwa njiani linakuja na miguu yake miwili. Jina lake lilikuwa Waya, mpiga gitaa, ndugu wa tumbo moja na mke wa Msumeno. Nyimbo zilikuwa za Waya, maneno na sauti vya Msumeno, na kwa mapatano ya zamani hakuna aliyeweza kutoa upya kitu bila mwenzake kuridhia. Waya alikuwa ametuma ujumbe kwa dada yake: Sakafu itatoka kwa sharti moja. Mumeo aiimbe upya, na safari hii aiimbe kwa kunguruma, kama nyimbo zenyewe zilivyotungwa. Akikataa, kasha liwe la albamu tatu, na Sakafu mwenye kuikumbuka aikumbuke. Dukani ilikuwa haipatikani tangu zamani.

Mkewe alimfikishia ujumbe mezani, wakila.

"Sawa," Msumeno alijibu.

Mkewe akaweka kijiko chini. "Sawa nini?"

"Sawa, nitaimba."

"Hujafikiri."

"Nimefikiri."

"Wewe mwanamume siku hizi mtu akikuuliza chai au kifo, utamwambia sawa."

Akalitafakari hilo kidogo, akaona mkewe hakukosea, na hata kuona hivyo kukawa sawa tu. Haikuwa huzuni. Huzuni aliijua, ina uzito, mtu huweza kuiegemea. Hii ilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi: upo, ni wako, ukiubonyeza unaona kidole kinazama, lakini habari haifiki.

Kabla ya Waya kuingia, fundi alitaka maneno mawili matatu kuhusu kila albamu, yachapwe kwenye kijitabu cha ndani. Msumeno akajitahidi. Ya kwanza, Kutu, waliirekodi kwenye karakana ya seremala, saa za mapumziko ya mchana, mashine zikiwa zimezimwa. Vumbi la mbao lilimkaba mpaka akawa anakohoa kati ya mistari, na ukisikiliza vizuri utakisikia kikohozi. Seremala alikuja mbio kutoka nje na chakula mkononi, akadhani kuna mpumbavu amewasha msumeno. Jina likaganda hapo. Ya pili, Nyundo Saba, ndiyo iliyowatoa gizani. Watu walijichanja jina la kundi mikononi. Ya nne, Moto wa Pili, aliipiga na mpiga gitaa wa kukodi, akanguruma toka mwanzo hadi mwisho kama wapenzi wa muziki wao walivyodai.

"Uliifurahia?"

"Niliirekodi kama mtu anayepiga deki. Sakafu ikang'aa, nikaanika tambara, nikaenda nyumbani."

Fundi akaacha kuandika. "Hilo siwezi kuliweka kwenye kijitabu."

"Basi andika niliifurahia."

"Na hii ya tatu?"

Hapo mlango ukafunguliwa, likaingia gitaa kwanza, kisha mtu. Waya alikuwa bado mwembamba, ila nywele zote zilikuwa zimemhama, na kichwa kilichobaki kiling'aa kama kitasa. Hakuna aliyemwambia aje na gitaa. Alimsalimia fundi kwa adabu zote, akauliza habari za kazi, za watoto, za umeme mtaani. Kisha akamwambia fundi yuleyule, "Muulize shemeji yangu kama amekula."

Fundi akawatazama kwa zamu. "Si yuko hapa? Anakusikia."

"Najua anasikia. Masikio sijawahi kumlaumu. Muulize."

"Mzee, umekula?"

"Nimekula," Msumeno akasema. "Mwambie mbona amekonda."

"Anasema mbona umekonda."

"Mwambie tulikonda wote. Yeye alifichwa jikoni na dada yangu, akapona."

"Jamani," fundi akasema, "mimi hapa nimeitwa kurekodi, si kutafsiri."

Lakini ndivyo walivyokuwa wamezoea. Tangu Sakafu itoke walikutana kwenye harusi na misiba, wakakaa benchi moja na yule dada katikati kama mpaka wa nchi mbili. Mwambie mumeo anisogezee chumvi. Mwambie kaka yako chumvi iko mbele ya pua yake. Watoto walizaliwa wakakulia humo, wakaona ndio ushemeji.

Chanzo chake kilikuwa mwiko. Kule karakana nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo wapigaji walimaliza vyombo vyao, wakatoka, ndipo mwimbaji akaingia peke yake. Kutu ilipofanikiwa, ile dhiki ikageuzwa ikawa desturi, na desturi ikawa mwiko: mwimbaji anaingiza sauti mwisho, wenzake wakiwa mbali, na hakuna kusikia mpaka kazi imeiva. Watu wa muziki ni washirikina kuliko wawindaji. Ulipofika wakati wa Sakafu, Waya alitunga nyimbo nane, akalegeza nyuzi za gitaa lake mpaka sauti ikawa inatambaa chini kabisa, ili huku juu kote pabaki wazi kwa ajili ya mngurumo. Alijenga kama mtu anayesimamisha kuta bila hofu ya mvua, kwa kuwa fundi wa paa ni mume wa dada yake.

Msumeno akaingia studio peke yake, akalala chali sakafuni, akaagiza maikrofoni ining'inizwe juu ya uso wake, akaimba nyimbo zote nane kwa kunong'ona. Na mnong'ono ulipozama chini ya magitaa, akamwagiza fundi wa siku zile ayashushe magitaa. Ayashushe tena. Ayashushe mpaka yakawa kama lori linalopita mtaa wa tatu.

Waya alisikia albamu ikiwa imekwisha. Alikaa akaisikiliza yote, wimbo kwa wimbo. Mwisho akasimama, akasema, "Mmenizika na viatu vyangu," akatoka.

Wapenzi nao waligawanyika. Wengi walirudisha albamu dukani wakidhani mashine zao za kuchezea zimeharibika. Wachache, hasa wale wenye kuandika magazetini, waliandika kwamba huo ndio ujasiri, kwamba mtu ametupa kila alichonacho ili atafute asichonacho. Wengine walieneza kwamba alikuwa mgonjwa, hana wiki mbili. Msumeno hakuwakatalia hawa wala wale. Aliyemwita shujaa alimshukuru, na aliyempa pole alimshukuru pia.

"Tuanze?" fundi akauliza.

Wakaanza kwa kusikiliza wimbo wa kwanza kama ulivyokuwa. Ile sauti ikatoka kwenye spika, kavu, ya karibu sana, kama mtu anayesema nawe kupitia tundu la ufunguo. Fungua, mimi ndiye niliyebisha. Fungua, mimi ndiye niliyebisha. Fundi akainamisha kichwa upande mmoja. Waya akaangalia dari kama mgonjwa anayechomwa sindano. Msumeno akaangalia chombo kimoja mezani kwa fundi ambacho skrubu yake ilikuwa imepotea, akawaza kwamba mtu angeweza kuitafutia nyingine.

"Nimesikia," Waya akasema wimbo ulipokwisha. "Muulize yuko tayari."

"Niko tayari," Msumeno akasema.

Aliingia kwenye chumba cha kuimbia, akavaa hedifoni, akasimama wima kama mtu mwenye akili zake. Fundi alikuwa amekwisha kuyapandisha magitaa. Yakaja kutoka chini, mazito, yamekasirika baada ya miaka mingi ya kufunikwa blanketi, na Msumeno akavuta pumzi mpaka kwenye mbavu za nyuma kwa namna ambayo hakufundishwa na mtu, akafungua kinywa.

Ilitoka. Wengi walidhani umri umekwisha kuila sauti ile, naye mwenyewe alikuwa hana uhakika, lakini ilitoka nzima, na meno yake yote, ikapanda juu ya gitaa la Waya na kukaa palepale ilipotengewa. Kioo cha chumba kikatetemeka. Nyuma ya kioo fundi wa kwaya na sabuni akaweka mkono kifuani. Waya alikuwa amesimama, na uso wake wote ulikuwa umelowa.

Naye Msumeno, kinywa wazi, mishipa ya shingo imesimama, akaendelea mpaka mwisho wa wimbo, na ndani yake palikuwa na utulivu kama wa ofisi siku ya Jumapili.

Hapo ndipo alipokumbuka. Haikuja kama ufunuo. Ilikuja kama mtu anavyokumbuka mahali alipoweka funguo. Miaka ya Nyundo Saba, ukumbi umefurika, amefika kwenye mngurumo mrefu ule uliokuwa ukisubiriwa na kila mtu, akamwona mwanamume mmoja mstari wa mbele anajipiga kifua na kulia kama aliyefiwa. Na yeye wakati huohuo alikuwa akijiuliza kama tangi la maji nyumbani limefurika, maana hakumbuki kufunga bomba. Sauti ilikuwa ikienda yenyewe, mfano wa cherehani ambayo fundi wake ametoka mlangoni kupiga soga. Alijaribu kuogopa. Hakuupata woga. Alichopata ni hamu ndogo tu, kama ya mtoto mbele ya saa mbovu, ya kujua cherehani ikizimwa kutasikika nini. Mtu aliyelala chali hawezi kunguruma, tumbo halipati pa kushika. Kwa hiyo akalala.

Haukuwa ujasiri, basi. Wala ugonjwa haukuwa. Watu walibishana juu ya albamu ile kwenye magazeti na kwenye meza za vinywaji, na kumbe pande zote mbili zilikuwa zikimzungumzia mtu mwingine.

Mlango wa chumba ukafunguliwa kwa nguvu. Waya akaingia akamshika mabega, na kwa mara ya kwanza tangu watoto wao hawajaota meno, akasema naye bila kumpitia mtu.

"Ulikuwa nayo! Miaka yote hii ulikuwa nayo, mshenzi wewe! Umesikia ilivyokaa? Umesikia?"

"Nimeona unalia, shemeji."

"Nalia ndiyo. Una neno?"

"Mimi nilikuwa nafikiria bomba la jikoni. Linavuja."

Mikono ya Waya ikalegea mabegani mwake, ila haikutoka. "Wakati gani?"

"Wakati wote. Pale kwenye 'fungua' ndipo nilipokumbuka kwamba spana nimemwazima jirani."

Nyuma ya kioo fundi, ambaye maikrofoni ilikuwa ikimpelekea kila neno, akaziba mdomo kwa kiganja. Waya akamtazama shemeji yake kwa muda, kama mtu anayetafuta kwenye uso wa mwenzake mahali pa kucheka, asipaone.

"Haya," akasema mwisho. "Ulifikiria bomba. Sasa? Nani amekwambia wewe ndiye unayetakiwa kuhisi? Mpishi anapika na mafua, hasikii harufu wala ladha, watu wanakula wanashiba, wanamwombea dua. Mimi nimelia. Machozi yangu ni ya uongo? Machozi yangu ni ya bomba?"

"Si ya uongo."

"Basi itoke hii."

Maneno ya Waya yalikuwa kweli, tena kweli ya kushikika, ungeweza kuipigilia msumari. Yule mwanamume wa mstari wa mbele naye alilia kweli. Pengine alirudi nyumbani akawa mtu bora, akamsamehe ndugu yake, nani ajuaye. Neno lake la kawaida likamjia Msumeno ulimini, lile 'sawa' linalomaliza kila mazungumzo na kumrudisha kila mtu kwake, likakaa pale tayari.

"Hapana," akasema.

Lilitoka dogo, mpaka yeye mwenyewe akageuka kidogo kama aliyesikia mtu wa tatu chumbani.

"Hapana nini?"

"Hii isitoke. Ile ya zamani ibaki kama ilivyo."

"Kama ilivyo haitoki. Nilisema, na dada yangu ni shahidi."

"Najua."

"Itapotea, shemeji. Si kwamba watu wataichukia. Itapotea, kama haikuwahi kuimbwa."

"Nimesikia."

"Na bado ni hapana?"

"Bado."

Waya akamwachia. Akatoka chumba cha kuimbia, akaketi kwenye kochi la fundi, akalichukua gitaa lake na kulilaza mapajani bila kulitoa kwenye mfuko. Msumeno akamfuata, akavuta kiti. Nje kulikuwa na mtu anauza kitu kwa kipaza sauti, akapita, sauti ikaenda naye.

"Nizime mitambo?" fundi akauliza taratibu.

Waya alikuwa akikwaruza zipu ya mfuko kwa ukucha, mbele na nyuma.

"Kwa nini chali?" akauliza, akiitazama zipu.

"Sijawahi kukwambia?"

"Hujawahi. Nami sikuwahi kuuliza. Nilijua jibu. Nilijua ni dharau."

"Ukilala chali huwezi kunguruma. Nilitaka kusikia kama humu ndani kuna kitu kingine."

"Kilikuwamo?"

Msumeno alifikiri. Alifikiri kweli, mpaka paji la uso likamkunjamana, maana swali lilikuwa geni na hakutaka kulijibu kwa mazoea. "Nilisikia kitu. Kidogo. Ndiyo nikakushusha, nipate kukisikia vizuri. Nikakushusha tena. Kila nikikushusha, nacho kinashuka."

Waya akacheka kwa pua, kicheko kifupi kisicho na furaha wala kinyongo. "Kwa hiyo nilizikwa bure."

"Ulizikwa bure."

"Dada yangu analijua hili?"

"Dada yako anajua bomba linavuja. Hayo mengine hajaniuliza."

Kisha Waya akauweka mfuko wa gitaa kando, akajikokota mpaka nyuma ya kiti cha fundi.

"Mama, ile ya zamani bado unayo humo? Ile ya mnong'ono?"

"Ninayo. Vyote viko mbalimbali, sauti kwake, gitaa kwake."

"Nipandishe mimi."

"Kiasi gani?"

"Kiasi nilichopiga."

"Mnong'ono utazama, baba. Hamtasikika wote wawili, itakuwa vurugu."

"Iwe. Yeye usimguse. Usimwongeze, usimsafishe. Nipandishe mimi tu."

Fundi akamtazama Msumeno, naye akaitikia kwa kichwa. Vidole vya fundi vikasukuma vitufe, na wimbo ukaanza.

Gitaa likaja kama mafuriko yanavyoingia nyumbani, kwanza chini ya mlango, kisha pande zote. Chini yake palikuwa na mtu. Hukuweza kusema anaimba nini. Hukuweza hata kusema anaimba. Ulisikia tu kwamba pana mtu, kama unavyojua chumba cha pili kina mtu bila kumwona, na kila gitaa lilipopumua kati ya pigo na pigo, kipande cha sauti kilitokeza, silabi moja, nusu ya neno, kikamezwa tena. Fundi alikuwa amekunja uso kwa kukerwa, sikio lake la kwaya linaumia. Waya alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda, anahesabu mapigo aliyoyapiga mwenyewe akiwa na nywele.

Wimbo ulifika mahali ambapo maneno yaliyoandikwa yalikwisha, na gitaa likabaki peke yake likizunguka. Halikubaki peke yake. Huko chini yule mtu alikuwa bado anasema. Alikuwa anasema haraka, kwa pumzi fupi, maneno ambayo hayakuwa kwenye wimbo wala hayakuwahi kuandikwa popote.

Waya akafumbua macho. "Anasema nini hapo?"

Msumeno alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti, shingo imenyooka mbele, kiganja kimekunjwa nyuma ya sikio.

"Sijui," akasema. Mkono wake mwingine ulikuwa umemshika fundi kiwiko, kwa nguvu, na hakuwa na habari. "Rudisha nyuma. Tafadhali, mama, rudisha."

Fundi akarudisha, na wote watatu wakainama kuelekea spika kabla hata gitaa halijaanza.